Karatasi, Kalamu na Upanga wa Alexander

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, hamjambo. Kabla sijaanza, naomba aliyekuja na karatasi aiinue juu. Na kalamu je? Ahsanteni, shusheni mikono.

Vitu hivyo viwili vina majina yenye asili ya Kigiriki. Khartes ilikuwa karatasi ya mafunjo. Waarabu wakaiita qirtas, nasi tukaipokea kwao. Kalamos ni tete, lile unalolichonga ncha ukachovya wino. Falsafa, kanuni, almasi, Injili, hata neno jinsi, yote yamepita njia hiyo: yametoka kwa Wagiriki, yakapita kwa Waarabu, yakatua pwani. Jina Yunani lenyewe limetokana na Ionia, ukanda wa pwani ya Uturuki ya leo walikokuwa wakiishi Wagiriki. Waajemi walianza kukutana na hao, basi wakawaita Wagiriki wote kwa jina lao.

Mada niliyopewa inasema utamaduni wa Kigiriki ulienea kwa vita na ushindi. Nimeipokea, lakini nina ugomvi nayo kidogo. Upanga ulivunja mlango, hilo halina ubishi. Ila waliokaa ndani ya nyumba miaka mia tatu ni makarani, watoza kodi, walimu na wachuuzi. Hao ndio nitakaowazungumzia zaidi.

Vita vyenyewe nitavipita mbio. Alexander, mfalme wa Makedonia, kaskazini ya Ugiriki, alivuka kuingia Asia mwaka 334 KK, kijana wa miaka 21. Akawashinda Waajemi mahali paitwapo Isso mwaka 333, akawashinda tena Gaugamela mwaka 331. Katikati ya ushindi huo aliuzingira mji wa Tiro miezi saba, na ulipoanguka, watu wapatao 30,000 waliuzwa utumwani. Hesabu hiyo ni ya Arrian, mwanahistoria aliyempenda Alexander, si ya adui yake. Naitaja makusudi, kwa sababu mihadhara ya namna hii hukimbilia Maktaba ya Alexandria, na soko la watumwa la Tiro likasahaulika. Alikufa Babeli mwaka 323, hajatimiza miaka 33. Na wale watakaoniuliza kama yeye ndiye Dhulqarnayn, yule mfalme anayetajwa katika Qurani, nawajibu mapema: wafasiri wamelivutana hilo karne nyingi, siingii mimi.

Sasa tazameni jambo moja. Huko Baktria, kaskazini ya Afghanistan ya leo, Alexander alikuwa ameacha maelfu ya walowezi wa Kigiriki. Habari ya kifo chake ilipowafikia, walifanya nini? Walifunga virago warudi kwao! Walikuwa wamechoka, wanatamani maisha ya kwao, na kilichokuwa kikiwazuia ni kumwogopa mfalme tu. Majenerali wakatuma jeshi kuwakatiza njia, na wengi wakauawa. Kama utamaduni ungekuwa wa kupandwa kwa upanga peke yake, pale ungekufa.

Haukufa. Tuanzie Misri tuone kwa nini.

Misri iliangukia mikononi mwa Ptolemy, mmoja wa majenerali, na ukoo wake ukatawala hadi Kleopatra alipojiua mwaka 30 KK. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anatuambia kwamba katika wafalme wote wa ukoo ule, Kleopatra ndiye aliyejifunza Kimisri. Karibu miaka mia tatu mmekaa juu ya watu, na lugha yao hamuijui! Maana yake aliyetaka kuandikiana na serikali ilimbidi yeye ndiye ajifunze Kigiriki, au amtafute mwandishi wa kumwandikia.

Na serikali ile iliandika kila kitu. Jangwa la Misri limetuhifadhia risiti, mikataba, orodha za kodi na malalamiko. Katika orodha hizo utakuta neno "Mgiriki" limekuwa daraja la kodi. Aliyeandikishwa kuwa Mgiriki alisamehewa kodi ndogo ya oboli moja, sarafu ndogo ya Kigiriki, na walimu wa kusoma na kuandika walisamehewa kodi ya chumvi. Ndani ya kundi hilo la "Wagiriki" walimo watu ambao babu zao hawakuwahi kuiona Ugiriki. Mnacheka, lakini nani kati yetu asingejiandikisha?

Upande wa pili wa daftari yuko mtu mmoja ninayempenda kuliko wafalme wote hawa. Alikuwa mhudumu wa ngamia, katikati ya karne ya 3 KK, akimfanyia kazi Zenon, msimamizi wa mali za waziri mkubwa wa fedha. Alipelekwa Siria na ngamia, mshahara hakulipwa. Akamwandikia bosi wake: nimekufa njaa kiangazi na masika, na hawa uliowaweka juu yangu wanataka kunilipa kwa mvinyo mbovu. Kisha anasema kinachomuuma: wananidharau kwa kuwa mimi ni mshenzi, sijui kufanya mambo Kigiriki. Barua hiyo ipo hadi leo. Na imeandikwa kwa Kigiriki.

Hapo ndipo mahali utamaduni unapohamia, ndugu zangu. Mtu anadai haki yake kwa lugha ya aliyemdhulumu, kwa sababu ofisi haina sikio jingine. Sisi hili hatuhitaji kusimuliwa. Mdachi, yaani Mjerumani, alipowatumia maakida na makarani wa Kiswahili huku bara, hakuwa anatutafutia lugha ya taifa. Alitaka kodi yake ifike.

Turudi Baktria. Mwaka 1961 mfalme wa Afghanistan, Zahir Shah, alikuwa katika mawindo karibu na makutano ya mito ya Amu Darya na Kokcha, akaona mawe yaliyochongwa. Wanaakiolojia wa Ufaransa wakachimba hapo hadi mwaka 1978. Wakaukuta mji mzima, tunaouita Ai Khanoum: ukumbi wa maonyesho uliokalisha maelfu, na gimnasio, ule uwanja ambako vijana walifanya mazoezi na kusomeshwa. Kwenye kaburi la mwasisi wa mji palikuwa na jiwe. Mtu aitwaye Klearchos anasema humo kwamba alizinakili nasaha za hekima huko Delphi, mahali patakatifu pa Ugiriki, kwa uangalifu, akazileta ziwekwe pale. Kutoka Delphi hadi pale ni zaidi ya kilomita 4,000. Nasaha zenyewe wazee hapa mtazitambua mara moja: utotoni uwe na adabu, ujanani ujizuie, utu uzima uwe mwadilifu, uzeeni utoe shauri jema, ukifa usiwe na majuto.

Mngedhani basi ni Ugiriki mtupu umehamishwa. Hapana. Hekalu kuu la mji lilijengwa kwa matofali ya udongo, ramani yake ya Kibabeli. Ndani yake kilipatikana kipande cha mguu wa sanamu, na kiatu cha mguu huo kimepambwa kwa radi, alama ya Zeu, mkuu wa miungu ya Kigiriki. Mungu amevaa kiatu cha Kigiriki, nyumba yake ni ya Babeli, na kasri la mtawala limefuata ramani ya Kiajemi. Mimi nauona mguu ule kuwa darasa bora kuliko sanamu nzima zilizojaa makumbusho. Mji ulichomwa yapata mwaka 145 KK, wakati wahamaji wa nyika walipoingia.

Kusini zaidi, Kandahar, iligunduliwa mwaka 1958 amri ya mfalme Ashoka wa India, imechongwa mwambani kwa Kigiriki na Kiaramu, karne ya 3 KK. Mfalme anatangaza kwamba ameacha kula viumbe hai, na wawindaji na wavuvi wake wameacha kazi hiyo. Dharma, nguzo ya mafundisho yake, kwa Kigiriki ameiita eusebeia, ucha Mungu. Sasa nani anamwenezea nani? Lugha imekuja na jeshi la Makedonia, na ndani ya miaka mia moja inatumiwa na Mhindi kuwafundisha Wagiriki dini ya India.

Wako waliokataa pia. Yerusalemu, miaka ya 170 KK, kuhani mkuu Yasoni alijenga gimnasio karibu na hekalu, makuhani wakawa wanapuuza ibada na kukimbilia michezo. Mfalme Antioko wa Nne wa Siria, mtawala wa Kigiriki, alipoingia hekaluni na kupiga marufuku sheria ya Kiyahudi, yakaanza maasi ya Wamakabayo, ukoo wa Kiyahudi, mwaka 167. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinalaani mambo hayo kwa uchungu, na humo ndimo tunamokuta kwanza neno hellenismos kwa maana ya kuiga Ugiriki. Kitabu chenyewe kilitungwa kwa Kigiriki safi.

Nimalizie upande wetu. Wafalme wa Misri walitaka ndovu wa vita, wakatuma watu kuwawinda pwani ya Bahari ya Shamu, na vituo vya mawindo vikageuka bandari. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara. Karne ya 1 BK mmoja wao akaandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari. Anamtaja Zoskales, mtawala katika Eritrea ya leo, mtu mwenye uchu wa mali, asema, lakini amesoma Kigiriki. Hakuna mwanajeshi wa Alexander aliyefika kwa Zoskales. Baadaye wafalme wa Aksum, dola ya Ethiopia na Eritrea za leo, waliandika majina yao kwa Kigiriki kwenye sarafu.

Kisha mwongozo unashuka hadi Azania, ndiyo pwani hii. Soko la mwisho anaiita Rhapta. Waarabu wa Muza, huko Yemen, walikuwa wakipeleka manahodha wanaoijua lugha ya wenyeji na waliooa kwao. Waliingiza mikuki, vishoka na vitu vya kioo, wakachukua pembe za ndovu, vipusa na magamba ya kasa. Jina Rhapta analieleza mwenyewe: limetoka kwenye kitenzi cha Kigiriki cha kushona, kwa ajili ya vyombo vya hapa vilivyoshonwa. Babu zake mitepe, kwa maneno mengine. Mji huo wataalamu wanautafuta hadi leo, wengine wakielekeza kidole delta ya Rufiji. Wenyeji wake walikuwa wakiuita nani, yule mfanyabiashara hakuuliza.

Saa yangu imekwisha, mwenyekiti ananitazama. Nimemwona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Dhulqarnayn. Mpeni kipaza sauti.