Sufuria Tupu Haimdanganyi Mama wa Ujiji

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, na ninyi vijana wa kamera mliokaa huku mbele, habari za jioni.

Nimefundisha Kiswahili hapa Kigoma miaka mingi, na tamthilia naangalia kila siku baada ya chakula cha jioni. Mmeniomba niseme kwa nini kipindi kimoja kinatukalisha mpaka chai inapoa, na kingine tunakihama kabla hata jina la mtunzi halijapita.

Tuanzie tulikotoka. Zanzibar walipata televisheni tangu miaka ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza. Televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Miaka yote hiyo tulilelewa na redio. Pwagu na Pwaguzi tuliwajua kwa sauti tu, na sauti zilitosha. Ndiyo maana mtu mzima wa Mwanga au Ujiji, hapa hapa mjini kwetu, huangalia tamthilia kwa masikio kwanza. Mama yangu mdogo anaweza kuwa anachambua mchele, runinga ameipa mgongo, na bado akakwambia: "Huyo baba hajakasirika. Anasoma."

Sasa niwaambie kuhusu Doudou. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa, walionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya binti anayeitwa Mao Doudou na wakwe zake. Wazazi wa mumewe wameachana, baba mkwe ameoa tena, kwa hiyo binti wa watu anajikuta ana mama wakwe wawili, na kila mmoja anataka ndiye asikilizwe. Midomo ilikuwa inafunga, sauti bado inaendelea. Nyumba zao si zetu, vyakula vyao si vyetu. Lakini jirani yangu, mama wa Kiha aliyejifunza Kiswahili ukubwani, alikuwa anakuja kwangu na kigoda chake kabla muziki wa mwanzo haujapigwa. Mama mkwe akitoa neno laini lenye mwiba ndani, jirani anaguna na kupiga paja: "Huyu namjua! Huyu nimeishi naye!" Tamthilia ile ilivuma nchini kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja.

Midomo tulisamehe, kwa sababu ukwe ule ulikuwa wa kweli.

Sasa njooni kwenye za kwetu, ambazo midomo na maneno vinakwenda pamoja. Juzi nilikuwa naangalia moja. Mke anapika, mume anarudi usiku, ugomvi unaanza. Mke ameshika mwiko, anakoroga. Nikaangalia ile sufuria. Haina mvuke. Mwiko unagonga chini, ko, ko, ko, kama unavyogonga sufuria isiyo na kitu. Halafu akapakua, na mume akala ugali mweupe uliopoa tangu asubuhi, anaumega kwa ncha za vidole kama anaogopa kuchafuka. Mama anayesonga ugali wa muhogo kila siku, bega linamuuma, atayaamini vipi machozi ya yule dada? Ameshaonyeshwa kwamba moto haukuwashwa. Mama huyo akibadilisha chaneli, mimi namuunga mkono.

Vijana, hilo si suala la fedha. Mkaa wa kuchemsha sufuria moja mnaumudu.

Kuna jambo la pili, na hili linaniuma. Mara ngapi mmemwona mhusika wa Kigoma kwenye tamthilia ambaye si mganga? Akitajwa mtu wa Kigoma, ujue anakuja na tunguri, au anakuja kuchekwa lafudhi yake. Mwanafunzi wangu mmoja, hodari kabisa wa kuigiza, alikwenda mjini kujaribu bahati. Akaambiwa aongee "kama Muha", watu wacheke. Alirudi akanieleza hapo barazani kwangu, na macho alikuwa ameyainamisha. Reli imefika hapa tangu 1914, na bado kuna watu wanatuandika kama hawajawahi kushuka kwenye behewa. Kipindi kinachofanya hivyo mimi nakizima. Sihami chaneli, nazima kabisa, na watoto nawaambia sababu.

Ndoto zinazofuta vipindi kumi vilivyopita, na hadithi inayovutwa kwa sababu tu haijapata mwisho, hayo mnayajua wenyewe. Siyapotezei muda.

Ninachowaomba ni hiki. Nendeni Kibirizi alfajiri, mitumbwi ikirudi. Msipeleke hadithi, pelekeni masikio. Yupo mama pale anabishana bei ya beseni la dagaa na mvuvi ambaye hajalala usiku kucha. Hampandishii sauti. Anatumbukiza mkono katikati ya beseni, anatoa dagaa wa chini, anamwonyesha kwenye kiganja, anakaa kimya. Mvuvi anatazama ziwani. Kisha anashusha bei.

Mkiweza kunionyesha kimya kile kilivyo, na mama yangu mdogo akageuka kutoka kwenye mchele wake kutazama, mniite. Nitakuja na kigoda changu.