Mafuta ya Mahamri na Mswada wa Fedha

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Niko hapa Mombasa na kaka yangu Baraka, na leo tunarudi Juni 2024. Baraka, mimi Mswada wa Fedha wa Kenya, ule wa kuongeza kodi, niliujulia jikoni. Mama anauza mahamri. Asubuhi moja akanionyesha video ya TikTok, binti anasoma kipengele cha mafuta ya kupikia: ushuru wa asilimia 25. Mama akaniuliza, "Sasa dumu langu litafika bei gani?"

BARAKA: Kazi yenyewe ilikuwa hapo, dada. Watu wanakumbuka moshi na Bunge kuvamiwa. Mimi nakumbuka siku za kabla yake, vijana wakiuchambua ule mswada kipengele kwa kipengele. Huyu anaeleza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mkate, asilimia 16. Yule anaeleza ushuru wa gari, asilimia 2.5 kila mwaka. Wengine wanaeleza kwa lugha za mama, nyanya kule kijijini naye aelewe.

ZUHURA: Maana ule mswada umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili.

BARAKA: Eeh! Kisha mtandaoni alama ya #RejectFinanceBill2024, yaani kataa Mswada wa Fedha, ikaenea, namba za wabunge zikasambazwa, simu zao zikawa hazipumui. Juni 18 vijana wakaingia barabarani Nairobi, na siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba ushuru wa mkate na wa gari umeondolewa.

ZUHURA: Na wa mafuta. Nikadhani Mama atatulia. Akasema, "Langu wameliondoa. La mwenzangu je?"

BARAKA: Wengi walisema kama yeye. Juni 20 maandamano yakafika huku kwetu, yakafika Kisumu, Nakuru, Eldoret. Walioko barabarani walisikilizana kwa Zello, programu inayofanya simu inakuwa kama zile redio za askari: vitozamachozi viko wapi, nani ameumia, maji yapelekwe upande gani.

ZUHURA: Juni 25 Bunge likaupitisha mswada, kura 195 kwa 106. Vijana wakaingia Bungeni, risasi zikalia. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Ni ushindi, lakini kulitamka neno hilo kunanilemea. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliokufa kufikia Julai 1.

BARAKA: Tusipapite hapo haraka. Mtandao uliowakutanisha vijana ndio uliowaanika. Unapoandika, anayekuunga mkono anasoma, na anayekuwinda anasoma. Kuna waliochukuliwa na watu wasiojulikana kwa sababu ya walichoandika. Ndiyo maana nikisikia watu wakisema harakati isiyo na kiongozi haikamatiki, nakataa. Waliokamatwa wana wazazi.

ZUHURA: Na bado hawakunyamaza. Pesa za hospitali na za mazishi zilichangwa mtandaoni, watu wasiojuana kabisa. Julai 5 Rais mwenyewe akaingia kwenye Space, mazungumzo ya sauti ya mtandao wa X, vijana wakamuuliza moja kwa moja habari za waliouawa na waliotekwa. Mimi sikuwahi kufikiria nitasikia kitu kama hicho.

BARAKA: Mama alisikiliza?

ZUHURA: Alisikiliza, simu ameiegemeza kwenye dumu la mafuta. Akaniambia nimwandikie swali lake: "Wale waliofyatua risasi watashtakiwa lini?" Nikaliandika. Halikufikiwa. Mama ananiuliza mpaka leo kama limejibiwa.