Namna ya Kubuni Mchezo wa "Nipe Mji" kwa Wafanyakazi Walio Mahali Mbalimbali

Ndugu watazamaji, karibuni. Niko Nyegezi, jijini Mwanza, na leo nitawaonyesha namna ya kubuni mchezo wa kuwakutanisha wafanyakazi ambao kila mmoja anafanyia kazi kwake. Mimi huuza kadi za maswali kwa maofisi, lakini mchezo wa leo hauhitaji kadi hata moja, kwa sababu tutatumia vitendawili pamoja na ile adhabu yake ya tangu zamani, ya kutoa mji.

Kabla ya kutunga sheria yoyote, andikeni orodha ya wachezaji, na mbele ya kila jina muandike mahali alipo, kama anatumia simu au kompyuta, na kama bando analinunua mwenyewe. Wengi huiruka hatua hii, ilhali ndiyo inayoamua kila kitu. Mchezo hupimwa kwa yule mwenye simu ndogo na mtandao wa kusuasua. Akiweza kucheza yeye, mwenzake aliye Capri Point na intaneti ya waya hatashindwa. Ndiyo maana hapa hatumlazimishi mtu kuwasha kamera, kwani picha ndiyo inayomaliza bando, na vitendawili vinahitaji sauti na maandishi tu.

Kutuma mwaliko mnajua. Naomba tu saa iandikwe kwa namna zote mbili, yaani saa nne asubuhi na 10:00, na kama mna mwenzenu Kigali, mkumbuke kwamba kwake ni saa tatu.

Sasa tazameni kioo changu. Samahani, naona dirisha linaakisi na hamwoni kitu, navuta pazia. Hiyo kelele ya juu ni korongo wanaotembea kwenye bati, msiwajali. Haya, natumia Zoom ya bure, ambayo mkutano wa kikundi hukatika baada ya dakika 40, kwa hiyo mchezo wenu uishie dakika ya 35. Uwezo wa kugawa vyumba vidogo, ambamo kila kundi huzungumza peke yake, huwashwa mapema kwenye mipangilio ya akaunti, katika tovuti yao. Chagueni pia msaidizi wa mwenyeji wa mkutano, aliye mtaa mwingine, ili umeme ukikatika kwenu, yeye auendeleze mchezo.

Gaweni makundi ya watu watatu hadi watano, na msimweke mhasibu pamoja na mhasibu mwenzake, kwa maana hao wanazungumza kila siku. Kila kundi liingie kwenye chumba chake kwa dakika nane na kutunga vitendawili viwili, kimoja cha kazini na kimoja cha nyumbani kwa mmoja wao. Toeni mfano kabla hamjafungua vyumba, kwa sababu wakishaingia hawasikii yanayosemwa kwenye chumba kikuu. Mimi hutoa huu wa kazini: "Namwona anasema, midomo inacheza, lakini neno halinifikii." Jibu ni mtu aliyesahau kufungua kipaza sauti. Wa nyumbani, kwa sisi wa ziwani: "Mgeni alikaribishwa, akawala wenyeji." Huyo ni sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kuwapunguza sana furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hilo. Aliyekulia Arusha huenda asikipate, na hilo halina ubaya, kwa kuwa kitendawili kisichopatikana ndicho kinachotupeleka mjini.

Wakirudi, mtegaji atasema "Kitendawili!" na wote waitikie "Tega!" Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Jibu lisitolewe kwa mdomo. Sauti huchelewa njiani kwa viwango tofauti, kwa hiyo mwenye mtandao wa kasi atasikika wa kwanza kila mara, na mwenzake wa kisiwani atakaa kimya hadi mwisho akidhaniwa hajui. Kila mtu aandike jibu lake kwenye sehemu ya ujumbe, lakini asilitume. Narudia, asilitume. Asubiri mwenyeji ahesabu moja, mbili, tatu, ndipo wote wabonyeze kwa pamoja. Atatokea mmoja mwenye kidole chepesi. Jibu lake lisihesabiwe hata kama ni sahihi, la sivyo raundi ya pili wote watamwiga. Tazameni kwenye kioo: nimeandika "sangara", kidole kipo pembeni, sijabonyeza. Moja, mbili, tatu, sasa.

Wakishindwa wote, mtegaji husema "Nipeni mji." Kwa desturi angepewa mji wowote, lakini sisi tunaongeza sharti: mji uwe ni kwao mmoja wa waliopo. Mtegaji atapewa dakika moja ya kusimulia safari yake huko, alivyofika, alivyopokewa na alichokula, kisha atoe jibu. Mwenye mji ana haki ya kumkatiza kila anapokosea. Mtegaji akisema alipanda basi hadi Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, bila kugusa maji, mwenzenu wa Ukerewe atamrudisha Kisorya akapande kivuko, na kila atakayefungua kinywa baada ya hapo atakuwa anauliza habari za Ukerewe. Mimi naipenda sehemu hii kuliko alama zote, na kwa kweli alama huziweka kwa ajili ya wale wasioweza kucheza bila kushindana: mbili kwa jibu sahihi, moja kwa mwenye mji kwa kila kosa analolisahihisha.

Msiruhusu mji mmoja utolewe mara mbili, maana watu wa Dar es Salaam watajaza zamu zote. Mtu asiyependa kutaja kwao aruhusiwe kutoa mji anaoufahamu vizuri, na asiulizwe sababu.

Dakika ya 30 ikifika, tegeni kitendawili cha mwisho, na kwa hicho pia majibu yaandikwe bila kutumwa hadi hesabu ifike tatu. Vile vitakavyobaki vihifadhiwe na yule msaidizi kwa ajili ya mkutano ujao. Sheria zote nimezipanga kwenye ukurasa mmoja, katika maelezo chini ya video hii. Upigeni picha ukurasa huo na kuituma kwenye kundi lenu la WhatsApp siku moja kabla, ili mwenye mtandao dhaifu awe nayo tayari kwenye simu yake.