LSAT: Fungua Swali la Hoja Kabla ya Kutazama Majibu

Karibuni, ndugu zangu mnaojiandaa kuomba shule za sheria Marekani. Leo tuna kalamu, karatasi na swali moja tu. Tangu Agosti 2024 michezo ya mantiki, yale mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti, imeondolewa kwenye LSAT, mtihani wa kuombea shule hizo, na sehemu za hoja zinazohesabiwa ni mbili, dakika 35 kila moja. Ukizimudu hoja, umebeba sehemu kubwa ya mtihani.

Anza na swali lenyewe, lile lililo chini ya aya. Letu linauliza: hoja hii inategemea dhana gani, yaani jambo gani isilolitaja ila inalichukulia kuwa kweli? Sasa panda juu, soma taratibu pamoja nami:

"Wavuvi wenye boti za injini hurudi na samaki wengi kuliko wenye ngalawa. Kwa hiyo mvuvi wa ngalawa akifunga injini, naye ataongeza samaki."

Pigia mstari hitimisho. Hapa "kwa hiyo" imetusaidia, lakini watungaji hupenda kuliweka hitimisho mwanzoni kabisa, bila neno la kulitambulisha. Ukikwama, iulize kila sentensi, "Kwa nini nikuamini?" Ile inayotetewa na sentensi nyingine ndiyo hitimisho.

Hatua hii nawaomba sana msiiruke. Usiguse majibu bado! Yafunike kwa kiganja, ujiulize: kati ya ushahidi na hitimisho pana pengo gani? Ushahidi unasema injini na samaki wengi huonekana pamoja. Hausemi kwamba injini ndiyo inayowaleta. Huenda wenye boti wana nyavu kubwa, basi. Litaje pengo hilo kwa Kiswahili, kwa sauti. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini kufikiri ni kwako.

Sasa fungua majibu. A: injini ni ghali. Pengine kweli, ila nani kauliza bei? Futa. B: tofauti ya samaki haitokani na ukubwa wa nyavu peke yake. Ikanushe: inatokana na nyavu peke yake. Umeona? Hoja imeanguka papo hapo. B ndilo jibu.

Mbinu ya kukanusha ni ya maswali ya dhana ya lazima kama hili letu, yaani dhana ambayo bila yake hoja huanguka. Kwenye maswali ya kudhoofisha hoja iweke kando, tafuta jibu linalolipanua pengo.

Swali likikushika zaidi ya dakika mbili, liwekee alama, songa mbele. Muda ukikaribia kwisha, jaza yote yaliyobaki hata kwa kubahatisha, maana jibu lisilo sahihi halikukatii alama.