Picha Achague Mwanafunzi

Wakubwa zangu shikamooni, na walimu wenzangu habari za asubuhi. Nawashukuru wenyeji wetu kwa kunikaribisha. Najua wengine mmetoka Mbagala, wengine Bunju, na foleni ya leo mmeiona, kwa hiyo utangulizi nitauacha. Nianze na picha ya kisiwa.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza makala ya kitaaluma, kurasa nne za Kiingereza, kuhusu kile ambacho wataalamu wa hali ya hewa wanakiita kisiwa cha joto cha mjini. Makala ilieleza kwamba lami, zege na kuta za matofali hunywa joto la jua mchana kutwa, kisha huliachia polepole usiku. Ilieleza kwamba miti ikikatwa, mji unapoteza ubaridi unaoletwa na maji yanayotoka kwenye majani na kugeuka mvuke. Ikasema pia kwamba tofauti ya joto kati ya mji na mashamba yanayouzunguka huonekana zaidi usiku kuliko mchana. Alitajwa humo Mwingereza Luke Howard, aliyepima hali ya hewa ya London na nje yake, akachapisha matokeo yake kati ya 1818 na 1820. Nikawaambia: someni, halafu kila mmoja aniletee picha moja anayoona imebeba wazo kuu la makala.

Kijana mmoja, wa kukaa mbele, daftari lake safi kuliko la mtu yeyote darasani, akaleta picha ya kisiwa. Minazi, mchanga mweupe, ngalawa imetia nanga, jua la utosi.

Walimu wenzangu, kijana yule alikuwa ameshajibu maswali yote ya ufahamu niliyoyaweka mwisho wa makala. Yote. Swali la nne liliuliza ni wakati gani tofauti ya joto huwa kubwa. Alinukuu sentensi sahihi kutoka aya ya tatu, herufi kwa herufi, nami nikampa alama zake. Kumbe muda wote huo, kichwani mwake, alikuwa anasoma habari za kisiwa cha Mbudya, hapa pwani ya Dar es Salaam, wakati wa kiangazi.

Picha ile ilinikosesha usingizi. Nilijiuliza ni wanafunzi wangapi nimewapa alama kwa kuvua. Mnakujua kuvua ninakokusema: mwanafunzi anaona neno kwenye swali, anatupa nyavu kwenye makala, neno linanasa, anaivuta sentensi nzima pamoja na magamba yake na kuiweka kwenye karatasi ya majibu. Hajaelewa kitu, lakini amepata. Picha haivuliki hivyo, kwa sababu haimo ndani ya makala. Lazima utoke nje ukaitafute, na ili ujue unatafuta nini, lazima kwanza uwe umeelewa ulichosoma. Kama hukuelewa, picha yako itasema.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia picha, tena nyingi, ila nilizichagua mimi. Usiku naketi na kompyuta, natafuta picha ya hili na lile, napanga slaidi, asubuhi naziwasha kwenye projekta. Wanafunzi wanatikisa vichwa, nami naondoka nimeridhika. Lakini ebu tazameni nani alikuwa anafanya kazi. Kuamua kwamba wazo hili linafanana na kitu kile, kwamba kipande hiki cha makala kiingie na kile kiachwe, kwamba picha hii inapotosha na ile haipotoshi: huko ndiko kusoma kwenyewe, na nilikuwa nakufanya mimi, chumbani kwangu, peke yangu. Wao walikuwa wanatazama matokeo ya usomaji wangu.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila projekta. Mtoto anasema: Kitendawili! Wenzake: Tega! Kuku wangu katagia miibani. Jibu ni nanasi. Aliyelitunga fumbo lile alilitazama nanasi sawasawa, yale majani yenye miiba na tunda lililokaa katikati yake, kisha akamtazama kuku kwenye kiota, akaona mahali vitu hivi viwili vinapokutana. Na anayefumbua anaifanya safari ile ile kwa kurudi. Kutega na kutegua ni mazoezi ya ufahamu ya hali ya juu, na watoto wetu walikuwa wakiyafanya barazani kabla hawajajua kusoma.

Basi nikachukua utaratibu huo nikauingiza darasani. Mwenye picha anaibandika ubaoni, anakaa kimya. Wenzake wanategua: picha hii inatoka aya ya ngapi, na inabeba wazo gani? Wakishindwa, watoe mji, kama ilivyo desturi. Ila kwangu mji ni mstari wa makala. Mmoja wao lazima afungue karatasi yake na kuusoma kwa sauti mstari anaodhani unahusika. Hapo ndipo mwenye picha anafungua mdomo, na ninamuuliza mambo mawili: mstari upi ulikupeleka kwenye picha hii, na picha yako imeacha nini? Swali la pili ndilo ninalolipenda. Hakuna picha inayobeba makala nzima, na mwanafunzi anayeweza kutaja kilichoachwa ameipima makala yote.

Niwaonyeshe kwa karibu. Kwenye makala ile ile ya joto, binti mmoja alileta picha aliyoipiga mwenyewe kwa simu, Tandale, saa nne usiku. Kina mama wawili wamekaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Mmoja anajipepea kwa kipande cha boksi. Mlango nyuma yao uko wazi. Tukaibandika. Wa kwanza kutegua akasema: umaskini. Wa pili akasema: umeme umekatika. Wa tatu, aliyekuwa amesogea hadi ubaoni, akasema hapana, tazameni ndani, taa inawaka, na pale juu ya kabati feni inazunguka. Darasa likanyamaza. Kama umeme upo na feni inafanya kazi, mbona wamekaa nje?

Ikabidi watoe mji. Kijana mmoja akafungua makala, akasoma mstari wa aya ya tatu unaosema kwamba kuta huliachia usiku joto zililolihifadhi mchana. Binti akasema, ndiyo, huo huo. Akaeleza kwamba mama yake husema ukiugusa ukuta wa chumbani saa nne usiku bado una moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa, na feni inazungusha joto lile lile. Nikamuuliza picha imeacha nini. Akafikiri. Akasema makala inazungumzia tofauti, na picha moja haiwezi kuonyesha tofauti. "Ningehitaji picha ya pili, mwalimu, ya Kisarawe, nje ya mji, saa ile ile."

Nimesahihisha insha nyingi zilizokosa jambo hilo. Madai yote ya makala yale yalisimama juu ya ulinganisho, mji na nje ya mji kwa wakati mmoja, na binti yule aliufikia mhimili huo kwa kuulizwa kilichopungua kwenye picha yake.

Sasa, wapo watakaosema hii ni michezo ya watoto. Utafiti wa jambo hili una umri wake. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Kanada, Allan Paivio, alichapisha kitabu akitetea hoja kwamba akili ya binadamu ina njia mbili za kushika maarifa, ya maneno na ya taswira, na kwamba njia hizo zinasaidiana. Neno kama "mwembe" hukumbukwa kwa urahisi kwa sababu linakuja na mti wake. Neno kama "uhalali" halina mti. Na makala za kitaaluma zimejaa maneno yasiyo na mti. Mwanafunzi anapolazimika kulitafutia wazo la namna hiyo kitu cha kuonekana, anaijenga ile njia ya pili ambayo mwandishi hakuijenga.

Lakini picha inaweza pia kuharibu, na hapa naomba tuwe makini. Mwaka 1998 Shannon Harp na Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walieleza majaribio ambayo wanafunzi walisoma jinsi radi inavyotokea. Waliopewa matini iliyoongezwa vionjo vya kusisimua kuhusu radi, visivyohusu namna inavyotokea, walikumbuka mawazo makuu kwa uchache zaidi kuliko wenzao. Kionjo kiliwateka, hoja ikawapita. Kwa hiyo picha nzuri isiyo na kazi simwachii mwanafunzi, hata kama darasa zima limeipigia makofi. Namrudisha: mstari wake uko wapi?

Na jambo moja dogo kabla sijaendelea. Tuache kusema huyu ni mwanafunzi wa macho na yule ni wa masikio. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wa madai hayo, hawakuona wa kutosha kuhalalisha kuwagawa watoto hivyo. Zoezi hili ni la wote.

Nije kwenye lugha, maana ndiko kwenye kidonda. Wanafunzi wetu wengi wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, liko kwa Kiingereza. Wakifika kwetu chuoni wamejifunza ustadi mmoja wa kunusurika: kukariri sentensi zilivyo. Hawathubutu kuzigusa, wasije wakazivunja. Mimi huwaruhusu waitetee picha kwa Kiswahili kwanza. Najua baadhi yenu mnalipinga hilo, na nimeshaambiwa kwamba nawadumaza. Nitasema nilichokiona. Mwanafunzi akishabishana kwa Kiswahili dakika kumi kuhusu ukuta wa Tandale, anaporudi kwenye Kiingereza anarudi akiwa na kitu cha kusema. Naye ninamtaka aandike, kwa Kiingereza, aya moja ya utetezi wa picha yake kabla ya kutoka darasani. Aya hizo zina makosa ya sarufi, ndiyo, lakini si za kunakili. Huwezi kunakili maelezo ya picha ambayo wewe peke yako ndiye uliyeileta.

Mtaniuliza kuhusu bando na ukubwa wa madarasa. Darasa langu kubwa lilikuwa na watu mia na ishirini, na chumba hakikuwa na projekta. Nawagawa sita sita, kila kundi linakubaliana picha moja, na ubishi wa kukubaliana ndio wenye faida kubwa kuliko picha yenyewe. Picha zinatoka kwenye kalenda za zamani, magazeti, hata karatasi zilizofungia maandazi. Wengi wanachora kwa kalamu, na mchoro wa ovyo wenye mishale unatosha kabisa. Siku hizi wapo wanaoziagiza picha kwa programu za akili mnemba. Siwakatazi, ila nataka waje na maneno waliyoiandikia programu. Maneno hayo huniambia kama makala imeeleweka.

Nimalizie habari ya kijana wa kisiwa. Siku ile hakuna aliyemcheka, nawashukuru wenzake. Alibandika Mbudya yake, darasa likatafuta mstari, likakosa, naye akaona mwenyewe. Sikumsahihisha. Nilimwambia arudi nayo wiki ijayo, hiyo hiyo au nyingine.

Alirudi na kisiwa. Lakini alikuwa amekichora yeye, kwenye karatasi ya daftari, kwa kalamu ya rangi nyekundu na ya bluu. Katikati aliandika Kariakoo, akaizungushia mistari myekundu iliyobanana, kama ile ya kwenye ramani ya jiografia inayoonyesha mwinuko wa mlima. Kadiri unavyotoka nje, kuelekea Pugu na Kisarawe, mistari inaachana na rangi inageuka bluu. Kila mstari aliuandikia kiwango cha joto cha kubuni, akaeleza pembeni kwamba ni cha kubuni. Alikuwa amerudi kwenye makala kuuliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuliweka kwenye karatasi ya maswali: kwa nini wanasema kisiwa? Akagundua kwamba ukichora ramani ya joto, mji unajitokeza kama nchi kavu iliyozungukwa na maji.

"Ni kisiwa kile kile, mwalimu," akaniambia. "Ila bahari yake ni baridi ya mashambani."

Mlipoingia mlipewa karatasi yenye aya moja, inatoka kwenye kitabu cha uchumi na inahusu mfumuko wa bei. Naomba tuisome sasa, kimya, kisha kila mmoja atoe simu yake, atafute humo picha aliyoipiga mwenyewe, isiwe ya intaneti, inayobeba wazo la aya hiyo. Mna dakika kumi. Halafu nitaomba mtu wa kwanza atege.