Bandari ya Mombasa: Kasha Likishashushwa, Linaondokaje?

BAKARI: Karibu, msikilizaji. Dada Zuhura, bandari ya Mombasa inapozungumziwa, wengi hutaja ukubwa wa meli na idadi ya kreni. Leo ningependa tuanzie langoni, mahali ambapo kasha huiaga bandari.

ZUHURA: Naafiki, kaka Bakari. Kituo cha pili cha makasha, kilichojengwa Kilindini kwa mkopo wa Japani juu ya eneo la bahari lililofukiwa, kilikamilika kwa awamu: ya kwanza mwaka 2016, yenye uwezo wa kuhudumia makasha 550,000 ya futi 20 kwa mwaka, na ya pili mwaka 2022, iliyoongeza 450,000. Ni kazi kubwa, tena ya kujivunia. Hata hivyo, kasha lisipopata lori wala behewa kwa wakati, uwanja hujaa, na uwanja ukijaa, kreni za gatini hukosa pa kushushia ilhali meli inasubiri.

BAKARI: Ndiyo sababu naithamini sana awamu ya kwanza ya barabara ya Dongo Kundu, iliyofunguliwa mwaka 2018, kwani ilikiunganisha kituo hicho na barabara kuu ya Nairobi upande wa Miritini, na kuyapa malori njia nyingine mbali na msongamano wa Changamwe.

ZUHURA: Na tangu sehemu iliyosalia ilipofunguliwa mwaka 2024, gari linalotoka Kwale kwenda bara halilazimiki tena kuvuka kwa feri ya Likoni.

BAKARI: Tuje kwenye reli, maana hapo ndipo penye mjadala mzito.

ZUHURA: Mzito kweli. Treni za mizigo za reli ya kisasa zilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwanzoni mwa mwaka 2018, na mwaka uliofuata njia hiyo ikafikishwa Naivasha. Mwaka huohuo wa 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo ya bara isafirishwe kwa reli, nao wenye malori, mawakala wa forodha na wafanyakazi wa Mombasa wakaipinga vikali, kwa kuwa kazi ya kutoa mizigo ilikuwa ikihamia bandari kavu, yaani vituo vya makasha vilivyo mbali na bahari, za Nairobi na Naivasha. Septemba 2022, Rais William Ruto aliagiza kazi hiyo irejeshwe Mombasa.

BAKARI: Kwa maoni yangu, treni inastahili kubeba sehemu kubwa ya shehena ya masafa marefu, lakini mwenye mzigo aichague kwa sababu ya nauli nafuu na ratiba ya kuaminika, si kwa kulazimishwa.

ZUHURA: Na hesabu ya nauli haiishii Nairobi. Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, ilhali ile ya zamani inayoelekea Malaba, mpakani na Uganda, ina milimita 1,000, kwa hiyo kasha la Uganda likifika Naivasha kwa treni huhitaji kuhamishiwa behewa jingine au lori. Kila uhamisho unadai kreni, wafanyakazi na muda, na gharama hiyo humwangukia mwenye mzigo.

BAKARI: Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kampala anapolinganisha bei, lori lililopakia Kilindini na kufika hadi ghalani kwake bado lina nguvu, na litaendelea kuwa nayo mpaka uhamisho wa Naivasha uwe wa haraka na wa bei inayojulikana mapema.