Mwakani AFCON Inakuja: Watoto wa Mtwara na Lindi Wanacheza Mechi Ngapi?

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya walimu wa michezo, wazazi na viongozi wa soka wa wilaya)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama mpaka mlangoni, hamjambo.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie fursa za AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa wananchi wa Kusini. Nitazizungumzia, ila kwa njia yangu, maana tangu nashuka kwenye bodaboda hapo nje nimeulizwa swali moja tu: mbona Nangwanda Sijaona, uwanja wetu wa hapa Mtwara, haikupewa mechi? Nalijibu sasa hivi ili tulizike. Mashindano ni ya nchi tatu, sisi na Kenya na Uganda. Timu ni 24. Viwanja vinavyotajwa upande wetu ni vya Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Nangwanda haimo. Ilulu pale Lindi haimo. Majaliwa kule Ruangwa haimo, pamoja na kwamba klabu ya Namungo walitoka hapo wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2020/21. Imekwisha hiyo. Atakayeniuliza tena habari ya uwanja kabla sijakaa chini, nitamwomba anitajie uwanja mmoja uliowahi kufunga goli.

Mnacheka, lakini twendeni Septemba 2007. Wenye umri wangu mnaikumbuka, na najua wengine humu mmeshanisikia nikiisimulia. Mtaisikia tena.

Mwaka ule nchi ilikuwa imewaka. Kocha wa timu ya taifa alikuwa Marcio Maximo, Mbrazili, na bendera ya taifa ilikuwa haikosekani kwenye daladala. Tulikuwa tunasaka nafasi ya kwenda fainali za AFCON za Ghana 2008. Tumetoka Maputo na sare ya bila kufungana. Juni tumewazuia Senegal 1–1 pale Kirumba, Mwanza, na siku chache baadaye tumekwenda Ouagadougou tumeifunga Burkina Faso 1–0, goli la Erasto Nyoni. Ugenini! Imebaki mechi ya mwisho, nyumbani. Na nyumbani penyewe ni uwanja mpya wa Taifa, huu tunaouita sasa Benjamin Mkapa, viti 60,000, umefunguliwa mwaka huo huo. Anayekuja ni Msumbiji.

Nendeni mkawaulize baba zenu watu walisema nini wiki ile. Walisema Msumbiji ni wa kupitia tu. Watu walikuwa wameshaanza kupanga namna ya kwenda Accra. Uwanja umejaa, viti vinang'aa, nyasi kijani kibichi. Mshambuliaji wao Tico-Tico akatufunga. Dakika tisini zikaisha moja bila, na safari ya Ghana ikaishia Temeke.

Kwa nini hadithi hii naisimulia Mtwara na si Dodoma? Kwa sababu Msumbiji ni hapo! Kutoka hapa mpaka kivuko cha Kilambo ni safari ya asubuhi tu. Wa Nanyumbu wanavuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Nusu ya watu waliomo humu ndani wana shangazi Mueda au mjomba Palma. Lugha yao na yetu ni moja, na mihogo na samaki tunakula vile vile. Na hawakuishia 2007. Mwaka 2012 tumekutana nao kuwania AFCON 2013: 1–1 Dar, 1–1 Maputo, wakatutoa kwa penalti. Mwaka 2014 tena: 2–2 kwetu, 2–1 kwao, tukatoka. Mara tatu ndani ya miaka saba njia yetu ya AFCON imefungwa na watu tunaooana nao.

Kuna mzee hapo mbele anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema. Atasema Msumbiji wana mpira wa Wareno, wamemzaa Eusébio. Mzee wangu, Eusébio alizaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, ndiyo, lakini magoli yake tisa ya Kombe la Dunia la 1966 aliyafunga akiwa na jezi ya Ureno. Hakumwachia mtoto wa Pemba ya Msumbiji wala wa Nampula hata goli moja la akiba. Mwingine atasema Msumbiji nao hawajafika popote. Kweli, hawajabeba kombe. Ila Desemba iliyopita kule Morocco wameifunga Gabon 3–2, ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON. Wao wameshaupata wao. Sisi wetu bado.

Hapo ndipo nilipokuwa napataka. Tumekwenda fainali mara nne: 1980 kule Nigeria, 2019 Misri, ile ya 2023 iliyochezwa Januari 2024 Ivory Coast, na hii ya juzi Morocco. Mechi 13. Sare tano, vipigo vinane, ushindi hakuna. Juzi tumevuka makundi kwa sare mbili na nilishangilia kama nyinyi, mpaka Morocco walipotutoa 1–0. Sikatai, hiyo ni hatua kubwa kuliko zote tulizowahi kupiga. Lakini tazameni tunavyozipoteza. Cairo, Juni 2019, na Kenya: Msuva anafunga dakika ya sita, wanarudisha, Samatta anatupa uongozi tena dakika inayofuata. Tunakwenda mapumziko tukiongoza 2–1, tunatoka tumefungwa 3–2. San Pédro, Januari 2024, na Zambia: Msuva anafunga mapema, wenzetu wanabaki kumi kabla hata ya mapumziko, kazi yetu ni kushikilia tu. Patson Daka anasawazisha dakika ya 88. Desemba iliyopita, na Uganda: tunaongoza kwa penalti ya Msuva, zikibaki kama dakika kumi inarudi. Moja moja.

Nani anasema hapo ni bahati mbaya? Bahati mbaya inakuja mara moja. Sisi hatujui kumaliza mechi.

Na kumaliza mechi hakufundishwi ubaoni, walimu wenzangu, wala hakuletwi na kocha wa kigeni kwa kambi ya wiki tatu. Ni beki kujua lini apande na mwenzake na lini abaki, badala ya wote wanne kurudi kukaa ndani ya boksi lao wakisubiri krosi. Ni winga aliyechoka kujua kwamba dakika ya 85 mpira unapelekwa kwenye kibendera cha kona, haupigwi ovyo katikati. Ni kipa kusoma mchezo, lini auharakishe na lini aupooze. Mtu anayajua haya kwa sababu alipokuwa na miaka kumi na tatu aliongoza moja bila, akarudishiwa, akalia, na Jumamosi iliyofuata akaongoza tena. Jumamosi iliyofuata! Si mwaka uliofuata.

Sasa niambieni, mtoto wa miaka kumi na tatu wa Tandahimba anacheza mechi ngapi za kweli kwa mwaka? Za kweli, nasema, zenye refa na dakika zake. Chandimu ya jioni naipenda, inafundisha chenga, lakini pale hakuna anayelinda goli moja, wanacheza mpaka giza liingie. Tuna UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, na kitaifa zimechezwa hapa hapa Mtwara 2019 na 2021, mliona wenyewe shamrashamra. Nazipenda. Lakini chukueni shule 16 mziweke kwenye mtoano. Siku ya kwanza shule nane zimerudi nyumbani. Mechi moja! Mwalimu amemaliza mwaka wake wa michezo kabla jasho halijakauka. Mtoano mzima una mechi 15. Shule hizo hizo 16 zikicheza ligi ya kukutana mara moja tu, kila shule inapata mechi 15, na kwa jumla ni mechi 120. Watoto ni wale wale na mipira ni ile ile, tofauti ni nani ameketi akaandika ratiba.

Kuna anayesema Kusini vipaji vimejaa. Kila kiongozi akishika kipaza sauti hapa anaanza na hilo. Nimechoka nalo, nawaambia ukweli. Vimejaa, haya, halafu? Mkorosho huupalilii wiki mbili za Juni ukaja kusubiri magunia Oktoba.

Na hiyo Juni yenyewe. Shule zikifungwa, wavulana wengi wa rika hilo wanaingia jandoni. Mwalimu anakuja kulalamika kwamba amepoteza nusu ya timu. Sisemi jando lisogezwe, mimi mwenyewe ni mtoto wa huku. Nasema mashindano yaliyobanwa kwenye wiki mbili yatagombana na jando, yatagombana na mitihani, yatagombana na mvua. Ligi ya Jumamosi haigombani na mtu. Mtoto akikosa wiki tatu, anarudi anaikuta inaendelea.

Fedha? Nilijua litakuja. Sijaomba basi la kwenda Lindi mjini, wala sitaki mtoto wa Masasi asafirishwe usiku kuja kucheza Mtwara. Kata kwa kata, watoto watembee kwa miguu au wapakiwe baiskeli. Mipira miwili kwa kijiji. Vijiji vyetu vina vyama vya msingi vya ushirika, msimu wa korosho tunakaa kwenye mkutano tunajadili makato mpaka jua linazama. Pelekeni hoja ya mipira miwili kwenye mkutano huo. Ikikataliwa, njooni kwangu na jina la aliyeikataa.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Nilikuwa na mengi juu ya Morocco, nitasema kidogo: walifungua kituo chao cha vijana pale Salé, na kwenye Kombe la Dunia la 2022 walipofika nusu fainali, En-Nesyri, Ounahi na Aguerd walikuwa wamelelewa hapo. Oktoba 2025 wakabeba Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20. Ndio hao wanaotufunga siku hizi, CHAN ya wachezaji wa ligi za ndani Agosti 2025 moja bila, AFCON moja bila. Tofauti yetu nao sasa ni goli moja. Goli moja linafanyiwa kazi.

Umri, haraka haraka. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika za vijana, tukaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mwalimu atakayemleta kijana mwenye ndevu kwenye ligi ya chini ya miaka 15 nitamrudisha pamoja na kijana wake. Cheti cha kuzaliwa, siku ya kwanza, mezani. Habari ya marefa naiacha, tutaitisha kikao chake, maana hilo ni la siku nzima.

Pale kwa katibu kuna karatasi za wilaya. Sitaki ahadi, nataka majina ya shule kumi na sita kwa kila wilaya, jina la mwalimu mmoja kwa kila shule, na tarehe ya Jumamosi ya kwanza. Newala na Tandahimba wanaanza kujaza, wa Lindi wenye basi la saa kumi wafuate, wengine panga foleni. Maswali nitayajibu nikiwa nimesimama hapo mezani. Nangwanda haiulizwi.